Kizibo cha rejeta kinavuja au kimekatikia ndani: kutambua chanzo na kukibadilisha

Chini kabisa ya rejeta, kwenye kona moja ya tangi la chini, kuna kizibo kidogo chenye masikio mawili ya kushikia kwa vidole. Wengine wanakiita koki. Kazi yake ni kumwaga maji, basi. Kwenye magari mengi ya Kijapani yaliyotumika yanayotembea Uganda, kizibo hiki ni cha plastiki, na tangi kilipofungwa nalo ni plastiki, nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, lililobanwa juu ya mapezi ya aluminiamu. Gari likifikisha miaka kumi na mitano, kizibo nacho kimechemshwa na kupoa kila siku kwa miaka hiyo hiyo. Kwa nje kinaonekana kizima. Ukikishika kwa koleo, kichwa kinabaki kwenye koleo na hesi, yaani ile mizunguko kama ya skrubu, zinabaki ndani ya tangi.

Shika hili kabla hujagusa kitu: kizibo ni cha kutupa, tundu si la kutupa. Kizibo kipya hakigharimu sana. Tundu likipasuka, umejinunulia rejeta. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kulinda tundu.

Kwanza hakikisha ni kizibo kweli

Kizibo kiko chini kuliko vyote, kwa hiyo maji ya kila mahali yanapita kwake na kudondokea hapo. Kinasingiziwa mara nyingi. Mshono ambapo tangi la plastiki limebanwa kwenye aluminiamu ukivuja, maji yanateremka taratibu kwenye ukingo hadi kwenye kizibo. Klipu ya mpira wa chini, yaani bomba la mpira linaloungana na rejeta kwa chini, ikilegea, mambo ni yale yale.

Pima hivi. Injini ikiwa baridi, pangusa eneo lote la chini kwa kitambaa mpaka likauke kabisa: kizibo, mshono, shingo ya mpira wa chini. Kunja karatasi ya chooni iwe nyembamba, izungushe kwenye shina la kizibo, na ubandike kipande kingine kwenye mshono ulio juu yake. Washa injini, iache iungurume mpaka feni iwake mara mbili, kisha zima. Tazama kwa tochi karatasi ipi imelowa kwanza. Ikiwa ya juu imelowa na ya kizibo bado kavu, acha kizibo kipumzike, shida yako ni mshono.

Alama iliyokauka nayo inasema. Kulanti, yaani maji ya rangi ya kupozea injini, ikivuja kidogo kidogo huacha ukoko kama chumvi, wa waridi, kijani au mwekundu kulingana na rangi ya kulanti yenyewe. Fuata ukoko huo kwenda juu mpaka unapoanzia. Maji yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka nyuma zaidi, usawa wa miguu ya abiria, baada ya kutumia kiyoyozi, ni maji ya kiyoyozi tu. Hayo si ugonjwa.

Dalili, na maana yake

*Linadondoka asubuhi likiwa baridi, likipata moto linaacha.* Hii ni oringi, yaani ringi ya mpira iliyo kwenye shina la kizibo. Imekauka na kuwa bapa. Kukiwa na baridi plastiki inasinyaa na mpira mgumu hauwezi kuifuata. Joto likipanda nafasi inaziba tena. Wenye magari Kabale, ambako usiku ni baridi kweli, huiona dalili hii mapema kuliko walio Kampala. Badilisha oringi, au kizibo kizima pamoja na oringi yake. Usikaze zaidi. Mpira uliokufa haufufuki kwa kukazwa.

*Linadondoka likiwa la moto tu.* Moto unaleta presha. Mfuniko wa rejeta wa gari la kawaida la Kijapani huwa umeandikwa 0.9 au 1.1, maana yake unashikilia karibu bar moja juu ya hewa ya nje. Tone linalotokea kwa presha tu mara nyingi ni ufa mwembamba kwenye shingo ya tundu, au mchanga ulioketi kati ya oringi na kikalio chake. Toa kizibo, safisha, tazama shingo kwa tochi huku ukiipapasa kwa ukucha. Ufa usiouona kwa jicho, ukucha utaukwaa.

*Kizibo kinazunguka bila mwisho.* Hesi zimekwisha, ama za kizibo ama za tundu. Kitoe utazame. Hesi za kizibo zikiwa zimelika na za tundu bado kali, una bahati. Zikiwa kinyume, soma sehemu ya tundu lililoharibika hapo chini.

*Umekifungua, maji hayatoki.* Fungua kwanza mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi, ili hewa iingie. Bado? Basi njia imezibwa na tope. Hapa ndipo unapokutana na historia ya gari: maji ya kisima, kutu, na unga wa kuzibia matundu uliomwagwa na fundi wa zamani. Wapo wanaotia hata binzari. Unga wa namna hiyo hauchagui tundu: unaziba linalovuja, unaziba vijibomba vyembamba vya rejeta, na unaziba njia ya kizibo. Chokonoa taratibu kwa waya laini uliokunjwa ncha. Usitumie bisibisi.

*Maji yanapungua lakini chini hakuna tone.* Hili si suala la kizibo. Angalia mfuniko wa rejeta, zulia la ndani kama lina unyevu wenye harufu ya utamu, na hedi gasketi, ile iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku yake.

*Kichwa kimekatika.* Kama hakivuji, usikiguse mpaka uwe na kizibo kipya mkononi. Kipande kilichobaki ndani kinaweza kuziba kwa miezi. Kuna watu wanaanza kukichokoa Jumamosi jioni, maduka yamefungwa, wanabaki na gari lisilo na maji.

Kununua

Dukani usiseme "plagi ya rejeta" ukaishia hapo, utaletewa plagi ya kuchoma mafuta. Sema koki ya kumwagia maji ya rejeta, na ubebe ile ya zamani, hata ikiwa vipande. Kisekka, soko la vipuri pale Kampala, muuzaji atakuuliza gari gani, mwaka gani, otomatiki au manyuali. Swali la otomatiki lina sababu: rejeta za otomatiki na manyuali za gari moja mara nyingi ni tofauti, na rejeta ya gari lako huenda ilishabadilishwa ikawekwa ya gari jingine kabisa. Kwa hiyo amini kipande kilichotoka kwenye gari kuliko kitabu cha gari.

Linganisha vitu vitatu. Unene wa shina. Nafasi kati ya hesi na hesi: vilaze vizibo viwili ubavu kwa ubavu, hesi zikumbatiane bila mwanga kupita. Na mahali oringi inapokaa, mwanzoni mwa shina au mwishoni. Vizibo viwili vinaweza kulingana unene na bado oringi ikakaa mahali ambapo haikutani na kikalio chake. Hapo unaweza kukaza mpaka kesho, kitavuja tu.

Nunua oringi mbili za akiba. Iwe ya mpira unaostahimili kulanti. Oringi za mabomba ya maji ya nyumbani zinaweza kuwa na umbo sawa, lakini si zote zinavumilia joto la injini.

Kutoa kizibo kizima

Subiri injini ipoe. Kipimo ni mkono: mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza na ubonyee bila ugumu. Mfuniko ukifunguliwa moto, maji yaliyokuwa yametulia kwa nguvu ya presha yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Kumbuka pia mwinuko. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96; Kabale karibu 94.

Toa waya hasi wa betri, au angalau chomoa soketi ya feni. Magari mengine feni yake huwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa, na vidole vyako vitakuwa karibu nayo.

Kwenye Toyota nyingi huhitaji kukitoa kizibo chote ili kumwaga. Legeza mizunguko michache, maji yatatoka kwenye mdomo mdogo wa bomba. Vizibo vingine vinazungushwa robo tu kisha vinavutwa. Ukiendelea kuvizungusha unavunja meno yake ya kujishikia. Jaribu kwa upole kujua chako ni cha aina gani. Kikigoma, mwagia maji ya moto ya birika kwenye shingo ya tundu, subiri dakika moja, jaribu tena kwa vidole. Plastiki iliyopashwa hulegea kuliko iliyolazimishwa.

Weka beseni safi chini na upime kinachotoka. Gari la cc 1,500 hadi 2,000 huwa na jumla ya lita 5 hadi 7, lakini kwa kizibo cha rejeta utapata nusu au zaidi kidogo; mengine yanabaki ndani ya injini. Andika kiasi hicho, utakihitaji wakati wa kujaza. Na usiache beseni wazi: kulanti ya kawaida ni ethilini glaikoli, ni tamu, na mbwa au mtoto akiinywa inaua. Isimwagwe mtaroni.

Kutoa kilichokatikia ndani

Anza na njia isiyokata kitu. Tafuta bisibisi bapa la zamani, pana karibu kama kipenyo cha kipande kilichobaki. Lipashe moto kwa jiko la gesi mpaka liwe la kuyeyusha plastiki, lakini lisiwe jekundu. Ligandamize katikati ya kipande sekunde tatu au nne, lizame milimita tatu hivi, kisha *liache humo lipoe*. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanazungusha plastiki ikiwa laini, mfereji unapanuka kuwa shimo la duara, bisibisi haina tena cha kushika. Subiri dakika tano. Plastiki ikiganda kwenye chuma, zungusha kinyume cha saa, polepole, ukisukuma kidogo tu. Kipande kikianza kufuata, umemaliza kazi ngumu.

Ikishindikana, kuna kitoleo cha skrubu zilizokatika, kile chenye hesi za kushoto. Toboa kwanza tundu la kuongozea, milimita 3 hadi 4, katikati kabisa, kwa drili ya mwendo mdogo au kwa kuzungusha ncha ya drili kwa mkono. Zungushia tepu kwenye ncha kuweka alama ya kina, isizidi urefu wa shina la kizibo kipya. Hili si la kupuuza kwenye gari la otomatiki. Ndani ya tangi la chini la rejeta nyingi kuna bomba la kupoza mafuta ya gia. Ncha ikilifikia, kulanti na mafuta ya gia vitachanganyika, utavikuta vimekuwa kama maziwa ya waridi, na giaboksi itafuata. Usichanganye pia mabomba ya mafuta ya gia na kizibo: yale ni ya chuma na yana mipira, yako jirani tu.

Njia ya mwisho ni kukata kipande kwa ncha ya wembe wa kukunja, toka katikati kuelekea nje, na kukikunjia ndani kama ganda la yai. Simama kabla hujagusa hesi za tundu. Vichembe vitadondokea ndani ya tangi, kwa hiyo kabla ya kufunga mimina lita mbili tatu za maji safi kupitia juu huku tundu likiwa wazi, mara kadhaa, mpaka yatoke bila kipande.

Kufunga kipya

Safisha kikalio kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Lowesha oringi kwa kulanti yenyewe. Usitumie vaselini, grisi ya kawaida wala oili ya injini: mpira wa mfumo wa maji huvimba na kulainika ukikutana na mafuta ya petroli.

Ingiza kwa vidole. Kabla ya kukaza, zungusha kwanza *kinyume* cha saa mpaka usikie hesi zikidondoka kwenye njia yake, mguso mdogo, ndipo ugeuze kuelekea saa. Hivyo ndivyo unavyoepuka kuingiza hesi mshazari. Kizibo kiingie chepesi mpaka mwisho. Kikifika, ongeza robo mzunguko kwa vidole viwili. Koleo libaki kwenye boksi.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba haina kazi hapa. Anayeziba ni oringi; tepu inanenepesha shina na kupasua shingo ya tundu. Silikoni nayo hapana, hukatika vipande vinavyokwenda kuziba vijibomba. Tofauti ni rejeta za zamani za shaba zenye koki ya shaba, kama za malori na Land Cruiser za kale: pale hesi ndizo zinazoziba, na tepu inaruhusiwa, mizunguko miwili mitatu.

Kujaza bila kufungia hewa ndani

Malalamiko ya "tangu nibadilishe kizibo gari linachemka" karibu yote ni hewa. Egesha gari pua ikitazama juu ya mlima. Kampala haina uhaba wa miteremko. Weka kidhibiti cha hita kwenye joto la mwisho. Jaza polepole, ukibonyeza mpira wa juu mara kwa mara mpaka mapovu yaishe. Subaru nyingi zina skrubu ndogo ya plastiki ya kutolea hewa juu ya rejeta. Ilegeze wakati wa kujaza, na uishike kwa heshima ile ile, huvunjika kama kizibo.

Rudisha waya wa betri au soketi ya feni, kisha washa bila mfuniko. Maji yatashuka thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto, ikifunguka; ongeza. Feni ikiwaka mara mbili na hita ikipuliza moto, funga mfuniko na ujaze kopo la akiba hadi alama ya juu. Kama zilitoka lita 3 na nusu na umerudisha 2 na nusu tu, kuna lita moja ya hewa imejificha. Rudia.

Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu, isipokuwa kama chupa imeandikwa tayari kutumika. Maji yawe yale ya kuongezea betri, yasiyo na chumvi. Soma chupa vizuri, asidi ya betri hukaa rafu moja nayo. Usichanganye ya waridi na ya kijani kwa kukisia. Baadhi zikikutana hutengeneza ute.

Tundu lenyewe likiwa limeharibika

Hesi zikiwa zimekwisha lakini shingo haina ufa, fundi mwenye tapu, chombo cha kukatia hesi, anaweza kupanua tundu kwa saizi moja na kuweka kizibo cha shaba chenye washa ya mpira. Kazi hiyo ifanywe rejeta ikiwa mezani, na shingo iwe na nyama ya kutosha.

Shingo ikiwa na ufa, gundi ya epoksi inashika vibaya kwenye nailoni laini. Ikibidi, kwaruza kwa msasa mgumu, safisha kwa spiriti, paka nje na kuzunguka, acha saa 24. Uhesabu kwamba umeziba moja kwa moja: siku zijazo utamwaga maji kwa kuvua mpira wa chini. Hilo si jambo baya. Kuna magari yanayotoka kiwandani bila kizibo kabisa. Fundi akikuletea kipande cha jerikani akiyeyushe juu ya ufa, mzuie. Jerikani ni plastiki ya aina nyingine, haishikani na nailoni. Itaonekana imeziba mpaka presha ya kwanza.

Ukienda kununua rejeta ya mtumba, toa kizibo chake mbele ya muuzaji. Tazama hesi, papasa shingo kwa ukucha, rudisha kwa vidole. Kizibo kilichopakwa gundi nyeusi ni jibu tosha, hata kama mapezi yanang'aa.

Ikikutokea barabarani

Kwenye rejeta ambayo maji hutokea kwenye mdomo mdogo wa bomba, vuta kipande cha mpira mwembamba juu ya mdomo huo, ukunje mara mbili, funga kwa waya. Hiyo inashika vizuri ajabu. Kama kizibo chote kimetoka na kupotea, chonga kijiti cha mti mgumu chenye ncha iliyopungua taratibu, kifunge utepe wa tyubu ya baiskeli, kisukume kwa kukizungusha bila kukigonga. Jaza maji, funga mfuniko hadi kituo cha kwanza tu ili presha isikisukume nje. Bila presha maji yatachemka mapema, kwa hiyo zima kiyoyozi, nenda taratibu, simama kila kilomita 10 uangalie sindano ya joto. Kutoka Lukaya hadi Masaka, ambako ni karibu, inawezekana. Kutoka Lukaya hadi Mbarara, mbali zaidi, ita gari la kuvuta.